Mheshimiwa wa Mpakani (17): Mzee Maroa Apanda Kizimbani

Tulimwacha Mheshimiwa Kezia Maroa amesimama juu ya paa la Prado lake, sokoni Isebania, Kenya, kipaza sauti mkononi na mdomo wazi.

Mdomo bado uko wazi.

Chini yake watu elfu mbili walikuwa wamenyamaza. Mbele yao alisimama mpinzani wake, Wesley Nyamohanga, ameinua picha iliyokuzwa ikawa kubwa kama mlango. Ilikuwa picha ya kadi ya mkimbizi, iliyotolewa Kigoma, Tanzania, mwaka wa sabini na mbili. Jina: Ndayizeye. Taifa: Burundi. Umri: miaka kumi na saba.

Uso ulikuwa wa baba yake Kezia.

"Mheshimiwa," Nyamohanga aliuliza taratibu, "huyu kijana unamjua?"

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo: Kezia Maroa ana miaka hamsini na mmoja na ni mbunge anayetafuta muhula wa pili. Alianza kama mwalimu mkuu aliyepima sketi za wasichana kwa rula. Akawa mwakilishi wa wadi aliyepiga vita disko matanga, zile densi za usiku msibani, mpaka vijana wakaanza kuogopa misiba. Akaingia bungeni kwa maneno matatu: Nyumba, Kanisa, Mpaka. Hilo la tatu ndilo lililomletea kura nyingi zaidi. "Asiye na karatasi arudi kwao," ndivyo anavyosema kila mkutano, na dakika moja kabla ya picha kuinuliwa alikuwa amelisema tena, na watu wakapiga makofi.

Sasa makofi yalikuwa yamekwisha.

"Ni kijana mzuri," Kezia alisema kwenye kipaza sauti. "Mlete kanisani Jumapili."

Watu walicheka. Kicheko kilidumu kama sekunde nne, na sekunde nne zinatosha mwanamke kushuka kwenye paa la gari na kufunga mlango.

*

Gari liliposhika lami, msaidizi wake Dorine alikuwa na simu mbili mkononi. Dorine ni msichana wa kisiwa cha Remba, ambako Mkenya, Mganda na Mtanzania hulala wamebanana kama dagaa wa omena, na hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi. Mwaka mzima ameandika hotuba za mpaka bila kulalamika.

"Umejibu poa, Mheshimiwa," alisema. "Lakini iko TikTok tayari."

"Wanasema nini?"

"Wanasema huyo kijana mmefanana. Hasa pua."

Kezia alijikuta anaigusa pua yake. Akashusha mkono.

"Dorine."

"Naam."

"Ni baba yangu."

Dorine alizima simu ya kwanza, kisha ya pili. Akatazama nje, malori yaliyojipanga kuelekea Sirare, upande wa Tanzania.

"Sawa," alisema mwishowe. "Wacha nifute hotuba ya kesho."

*

Walimkuta Mzee Maroa nyuma ya nyumba yake, kilomita sita kutoka Isebania, anapukuchua mahindi. Ana miaka sabini na miwili na hapendi kukaa bure. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia kwa redio," alisema.

"Tata, ile kadi ilitoka wapi?"

"Niliiacha kwa sanduku, Tarime, tulipovuka. Nilifikiri panya walikula."

"Hawakula."

"Panya wa siku hizo walikuwa wavivu," alisema mzee, na kuchukua gunzi jingine.

Kezia alivuta kigoda akakaa. Hakuwa na la kuuliza, kwa sababu mengine yote aliyajua. Aliyajua tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Siku hiyo walikuwa wanafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, yeye na baba yake, na baba, akisahau kwamba hayuko peke yake, akaanza kuhesabu: rimwe, kabiri, gatatu. Hicho hakikuwa Kikuria. Hakikuwa Kijaluo wala Kiswahili. Kezia akauliza ni lugha gani, na baba akatazama barabarani kwanza, halafu akamweleza yote kwa sauti ya chini: vita vya Burundi, njia ya miguu mpaka Kigoma, miaka ya Tarime, mzee wa Kikuria aliyempokea akampa shamba na jina lake, na chifu mmoja wa zamani aliyeandika jina hilo kwenye fomu bila maswali mengi. Kitambulisho cha Kenya kikatoka mwaka wa sabini na tisa. Kezia alikuwa na miaka mitatu, amevukishwa mpaka mgongoni.

"Usimwambie mtu," baba alisema siku ile.

Hakumwambia mtu kwa miaka thelathini na tisa.

Wengine watamwita mnafiki. Yeye hakujiona hivyo. Alichokumbuka kuhusu utoto wake ni kwamba gari la polisi likipita, baba yake alinyamaza katikati ya neno na kusubiri lipotee. Kezia alijifunza mapema kwamba kuna watu wanaogongewa mlango na kuna watu wanaogonga. Akahamia kwa wanaogonga, akakaa huko kwa nguvu zake zote.

"Watanishika?" mzee aliuliza.

"Sijui, Tata."

"Kwa mikutano unasema watu kama mimi warudishwe."

"Nilikuwa nasema wale wengine."

"Wale wengine ni akina nani?"

Kezia alichukua gunzi la mahindi akaanza kupukuchua. Dorine, aliyekuwa amesimama kando, naye akachukua moja. Punje zilianguka kwenye karai.

Kisha simu ya Dorine ikalia. Nyamohanga alikuwa amekwenda mahakamani. Alitaka jina la Kezia liondolewe kwenye kura, kwa kuwa si Mkenya na hajawahi kuwa.

*

Kesi ilipelekwa Homa Bay, kaunti jirani. Upande wa Nyamohanga ulidai kwamba kwao Migori kila mtu ni jamaa ya mtu, na hakuna aliyebisha.

Jumatatu saa tatu asubuhi Kezia alikuwa katika ofisi ya wakili wake, Pauline Akeyo, orofa ya pili, juu ya duka la nyavu. Wakili Pauline ni mwanamke mnene, mtulivu, asiyeshtuka. Alisikiliza kila kitu huku akinywa chai.

"Ulizaliwa wapi hasa?" aliuliza.

"Tarime. Mwaka wa sabini na sita."

"Tanzania. Baba mkimbizi wa Burundi." Aliandika. "Mama?"

"Nchagwa. Mkuria wa hapa Kenya. Alikufa mwaka wa elfu mbili na kumi na tano."

"Ana cheti cha kuzaliwa?"

"Kipo. Cha hospitali ya misheni."

Wakili Pauline aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu.

"Basi umeshinda. Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje alifuata baba. Ungekuwa umekwisha. Lakini hii ya elfu mbili na kumi inasema mama akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya, hata kama alizaliwa nje, hata kama alizaliwa zamani. Mama yako anakutosha."

Kezia hakutabasamu.

"Kuna nini?"

"Ile kura ya maoni," Kezia alisema. "Nilipiga La."

"Watu wengi walipiga La."

"Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba. Siku arobaini. Niliwaambia akina mama wa kanisa kwamba hiyo katiba itaharibu nyumba zao."

Wakili Pauline alitafakari jambo hilo.

"Haina kinyongo," alisema.

Akageuza karatasi na kuendelea. Tatizo, alieleza, halikuwa kiti. Tatizo lilikuwa mzee. Ili kumtegemea mama, ilibidi Kezia akubali chini ya kiapo kwamba baba yake ni mgeni na kitambulisho chake kilipatikana kwa jina la mtu mwingine. Afisa wa uhamiaji angekuwa mahakamani. Na wapiga kura wangetaka kujua jambo moja tu: Mama Mpaka, kama walivyomwita, alijua?

"Kwa hiyo nimeweka aya ya saba," wakili alisema, na kumsogezea hati.

Kezia alisoma. Aya ya saba ilisema kwamba yeye, Kezia Maroa, hakujua asili ya baba yake, kwamba alifichwa ukweli tangu utotoni, na kwamba ameumizwa sana na udanganyifu huo.

"Hii si kweli," alisema.

"Nani mwingine anajua kwamba si kweli?"

"Tata."

"Mzee atasema nini?"

Kezia alimpigia simu pale pale. Alimsomea aya yote, neno kwa neno, kwa Kikuria.

"Imeandikwa vizuri," mzee alisema. "Weka sahihi. Mimi ni mtu wa kuondoka hivi karibuni, kwa njia moja au nyingine. Wewe una kazi."

"Tata..."

"Kezia. Weka sahihi."

Akaweka. Kalamu ya wakili ilikuwa nzuri, haikukwama hata kidogo.

*

Alhamisi, mahakama ya Homa Bay ilijaa kabla ya saa mbili. Wafuasi wa Nyamohanga walikaa kushoto, wa Kezia kulia, na katikati wakakaa wachuuzi wa samaki waliokuja kwa sababu kesi ilisemekana kuwa tamu. Benchi la nyuma alikaa afisa wa uhamiaji, kijana mwenye bahasha ya kaki magotini. Alionekana mtu asiyependa kuwa pale.

Jaji alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani mbili: moja ya kusoma na moja ya kutazama watu.

Wakili wa Nyamohanga aliitwa Monari. Mrefu, mpole, na mwenye tabia ya kuomba radhi kabla ya kuuma.

"Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa Jaji," alisema, "namwita Mzee Maroa."

Kelele zilizuka kulia. Kezia aligeuka. Hakuwa ameambiwa. Alimwona baba yake akiingia kwa mlango wa pembeni, amevaa koti lake la harusi na msiba, anatembea kama mtu anayekwenda kupokea zawadi shuleni. Kumbe alikuwa amekubali kuitwa bila kusema neno. Alikuwa amekuja Homa Bay na jirani aliyekuwa akileta mahindi.

Mzee alishika Biblia. Akaapa.

"Samahani, mzee wangu," Monari alianza. "Jina lako?"

"Maroa."

"Na kabla ya Maroa?"

"Ndayizeye."

Mahakama ilivuta pumzi kwa pamoja. Afisa wa uhamiaji alifungua bahasha yake, akaifunga tena.

"Wewe ni raia wa nchi gani, mzee?"

"Burundi sijarudi tangu mwaka wa sabini na mbili. Tanzania walinipa kadi. Kenya walinipa kitambulisho. Wewe chagua, wakili."

Kuna waliocheka katikati, kwa wachuuzi wa samaki. Jaji alibadilisha miwani wakaacha.

"Na binti yako," Monari alisema, "Mheshimiwa aliyeketi pale. Alijua?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Huyo mtoto hajui kitu. Nilimficha. Nilimwambia mimi ni Mkuria, akaniamini, kwa sababu mtoto anaamini baba. Kama kuna mtu wa kufungwa, ni mimi. Mwacheni."

Aliyasema hayo kwa sauti kavu kabisa, ameishika ile Biblia bado, kwa kuwa karani alikuwa amesahau kumpokonya. Alidanganya vizuri kuliko mwanasiasa yeyote ambaye Kezia aliwahi kufanya naye kazi.

"Asante, mzee. Samahani," Monari alisema. Na hakuuliza zaidi. Hilo lilimtisha Wakili Pauline kuliko swali lolote.

Zamu ya Kezia ikafika.

Alipanda kizimbani. Kiti kilikuwa bado na joto la baba yake. Akaapa. Wakili Pauline alimpa hati na kumuuliza maswali mepesi, moja baada ya jingine: kuzaliwa Tarime, ndiyo, mama Nchagwa, Mkenya, ndiyo, cheti hiki hapa, ndiyo. Ilikwenda kama sala.

"Na unathibitisha yaliyomo katika hati hii, pamoja na aya ya saba?"

Hapo palihitajika neno moja. Dorine, mstari wa pili, alikuwa ameanza kuandika taarifa kwa wanahabari, na kichwa chake kilikuwa tayari: "Binti Aliyedanganywa."

Kezia alimtazama baba yake. Mzee alikuwa amerudishwa kwenye benchi karibu na afisa wa uhamiaji. Kijana yule alikuwa amempisha akae, na mzee alikuwa akimshukuru kwa sauti ya chini. Nje lori lilipita barabarani likapiga honi. Mzee alinyamaza, shingo ikakaza, akasubiri lipotee. Halikuwa la polisi. Lilikuwa lori la mchanga tu. Miaka hamsini na zaidi, na bado anasubiri.

"Aya ya saba ni uongo," Kezia alisema.

Wakili Pauline alifumba macho.

"Rudia hapo," alisema Jaji.

"Ni uongo, Mheshimiwa Jaji. Na Tata pia amedanganya, hapa, mbele yako, kwa ajili yangu. Nilijua. Nimejua tangu nina miaka kumi na miwili. Nilikuwa namsikia akihesabu majani ya tumbaku kwa Kirundi."

"Kezia!" mzee alisema kutoka kwenye benchi. "Kaa chini!"

"Nimekaa, Tata."

"Basi nyamaza!"

"Sitanyamaza. Nimesimama juu ya magari miaka kumi nikisema watu kama wewe warudishwe, na jioni nakuja kula kwako. Watu hawa wakitaka kuninyima kura, waninyime kwa hilo. Lakini sitaapa kwamba ulinidanganya. Wewe hukunidanganya. Mimi ndiye niliyewadanganya hawa."

Upande wa kulia haukujua kama upige makofi. Upande wa kushoto haukuzomea, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaandaa kwa jambo kama lile. Mama mmoja katikati, muuza mbuta, alisema kwa sauti ya wastani, "Huyo sasa ndiye nitampigia," jirani yake akamkumbusha kwamba yeye ni mpiga kura wa Homa Bay.

Dorine alifuta kichwa cha taarifa. Hakuandika kingine.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani yote.

"Wakili Monari. Kosa la kitambulisho cha mzee haliko mbele yangu. Uongo wa hati nitaushughulikia, na shahidi ajiandae, kwa sababu nitaushughulikia. Lakini swali la kesi hii ni moja: huyu mama ni raia au si raia? Akijua au asijue asili ya baba yake, kama mama yake mzazi ni Mkenya, katiba imemaliza. Una la kusema kuhusu mama?"

Wakili Pauline alifumbua macho. Damu ilirudi usoni. Walikuwa wameshinda kwa njia mbaya zaidi, lakini walikuwa wameshinda. Hata mzee alikuwa na njia: mume wa raia kwa miaka yote ile angeweza kuomba uraia kwa ndoa, kwa katiba ile ile. Alianza kupanga karatasi zake.

"Ninalo, Mheshimiwa Jaji," Monari alisema. "Samahani. Nina shahidi mmoja wa mwisho. Amefika asubuhi hii."

*

Mlango ulifunguliwa.

Aliyeingia alikuwa bibi kizee, mfupi, amejifunga kitenge cha kijani, anatembelea fimbo. Hakuna upande uliomjua. Alitembea polepole katikati ya mahakama, na alipofika usawa wa benchi la nyuma, akasimama.

Mzee Maroa alikuwa ameinuka. Hakuna aliyemwambia ainuke. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akasema neno moja la Kirundi, na mzee akakaa kama aliyesukumwa.

Kezia alikuwa bado hajatoka kizimbani. Jaji alimwashiria ashuke, akashuka, akasimama kando ya wakili wake.

"Nani huyo?" Wakili Pauline alinong'ona.

"Sijui," Kezia alisema. Na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa anasema kweli bila kufikiri.

Bibi aliapa. Jaji aliuliza kama atahitaji mkalimani.

"Sihitaji, Mheshimiwa," bibi alijibu. "Nimeishi Kigoma karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Kiswahili nakifahamu."

Alikifahamu. Kilikuwa Kiswahili kilichonyooka, kila neno mahali pake, na mahakama nzima, pamoja na Jaji, ikajikuta imekaa wima.

"Jina lako, mama?"

"Emmaculate Nahimana."

"Samahani, mama. Unamfahamu Mzee Maroa?"

"Maroa simfahamu. Ninamfahamu Ndayizeye, mdogo wangu. Tulitoka Burundi pamoja, tukavuka mto pamoja, tukakaa Kigoma, kisha Tarime. Nilimpoteza mwaka wa sabini na nane. Jumapili iliyopita mjukuu wangu alinionyesha picha kwenye simu. Ni mimi niliyempeleka kupigwa picha ile. Shati alilovaa nilimshonea mimi."

Kezia alihisi mkono wa Wakili Pauline ukimshika kiwiko. Shangazi. Alikuwa na shangazi. Kwa miaka hamsini na mmoja alikuwa na shangazi, na hajui hata sauti yake.

"Ulimpotezaje, mama?"

"Niliugua kifua. Walinirudisha Kigoma hospitalini, nikalazwa miaka miwili. Niliporudi Tarime, nyumba ilikuwa tupu. Majirani walisema ameoa Mkuria wa upande wa Kenya, amevuka, amebadilisha jina. Sikujua jina jipya. Nimeuliza mpaka nikazeeka."

"Aliondoka peke yake?"

Bibi Emmaculate aliiegemeza fimbo kwenye kizimba, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akamtafuta Kezia kwa macho, akampata.

"Hapana," alisema. "Aliondoka na mtoto. Msichana wa miaka miwili. Nilikuwa nimemwachia mtoto huyo nilipopelekwa hospitali."

"Mtoto wa nani, mama?"

Wakili Pauline alikuwa ameshasimama. "Napinga, Mheshimiwa Jaji!"

"Unapinga nini, wakili?" Jaji aliuliza.

Wakili Pauline alifungua mdomo na kugundua kwamba hajui.

"Wangu," bibi alisema. "Nilimzaa mimi. Ndayizeye wakati huo hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Huyo Nchagwa mnayemsema, Mungu amrehemu, alimlea, na namshukuru. Hakumzaa. Baba ya mtoto pia hakuwa mtu wa huku. Kezia ni jina nililompa mimi."

Nyamohanga mwenyewe, aliyelipa nauli ya bibi kutoka Kigoma, hakuonekana kufurahi kama alivyotarajia. Afisa wa uhamiaji alitoa karatasi tupu kwenye bahasha yake, akatafuta kalamu.

Jaji alivaa miwani ya kutazama watu.

"Mzee," alisema. "Simama. Kiapo chako cha asubuhi bado kinakushika, na umeshakivunja mara moja mbele yangu. Nakuuliza mara moja tu. Huyu mama anasema kweli?"

Mzee Maroa alisimama. Upande wake mmoja alikuwa dada aliyempoteza kwa karibu nusu karne. Upande wa pili alikuwa binti aliyemlea. Hakumtazama Jaji wala dada yake. Alimtazama Kezia, kama mtu anayeomba ruhusa.

Na Kezia, ambaye nusu saa iliyopita alikuwa ameukataa uongo mbele ya watu wote wale, akatikisa kichwa kumwambia akatae.